Kutoka Upumbavu hadi Mguso: Historia ya Kitenzi cha Kiingereza 'Fondle' na Funzo Lake kwa Mhakiki na Mfasiri

Utangulizi

Ukipenda, chongo huita kengeza. Kwa kauli hiyo fupi wahenga wa Kiswahili walitoa hukumu kwamba anayependa hupungukiwa na uwezo wa kuyapima mambo yalivyo. Waingereza nao wana hukumu ya aina hiyo hiyo, ila wao hawakuiweka katika methali tu. Waliificha ndani ya neno. Neno hilo ni kitenzi 'fondle', ambacho msomaji wa leo hukielewa kuwa ni kushikashika, kupapasa au kutomasa, ama kwa mapenzi ama kwa ashiki. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mzizi wa kitenzi hiki haukuhusiana na mkono wala na mapenzi. Ulihusiana na upumbavu.

Makala haya yanakusudia kuifuatilia safari ya kitenzi hicho tangu karne ya 14 hadi siku zetu. Madhumuni si kukusanya vioja vya etimolojia. Yapo maswali mawili ya kiuhakiki yanayohitaji kujibiwa. La kwanza: je, mhakiki anayesoma matini ya Kiingereza cha zamani hupotoka kiasi gani anapolichukua neno kwa maana yake ya leo? La pili: kitenzi hiki kinasimulia mguso kwa mtazamo wa nani, wa anayegusa au wa anayeguswa? Itadaiwa kwamba swali hili la pili ndilo ufunguo wa historia nzima, na kwamba Kiswahili kinalijibu kwa njia tofauti na Kiingereza.

Chumvi iliyochuja

Katika Kiingereza cha Kati palikuwa na nomino 'fon', au 'fonne', iliyomaanisha mpumbavu. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliiweka kinywani mwa mhusika katika hadithi ya msimamizi wa shamba iliyomo kwenye The Canterbury Tales. Wanafunzi wawili wa Cambridge, ambao mwandishi amewapa lafudhi ya kaskazini, wanagundua kwamba farasi wao ametoroka kinuni. Mmoja anamgeukia mwenzake na kumwita 'fonne' kwa kuwa hakumfungia mnyama ghalani. Hapana chembe ya mapenzi katika wito huo. Ni tusi la mtu aliyekasirika.

Sambamba na nomino hiyo kulikuwa na kitenzi 'fonnen', kuwa mpumbavu au kutenda kipumbavu. Kitenzi hicho kilitumiwa pia kwa chumvi. Katika maandishi ya Kiingereza yanayohusishwa na John Wyclif na wafuasi wake, mwishoni mwa karne ya 14, chumvi iliyopoteza ukali wake inaelezwa kwa neno hilo hilo. Mtu asiye na busara na chumvi isiyo na ladha viliwekwa katika kundi moja: vyote viwili vimechuja. Taswira hii si geni kwa wasomaji wa Injili. Katika matini ya Kigiriki ya Mathayo 5:13, kitenzi kinachoeleza chumvi iliyoharibika kimetokana na neno 'moros', yaani mpumbavu. Kwa hiyo wazo la kwamba upumbavu ni kupoteza ladha lilikuwapo katika fikira za Wakristo kabla ya Kiingereza kuliandika. Wanaisimu wamebishana kuhusu asili ya mbali zaidi ya mzizi huu, lakini hatua inayofuata haina utata: kitenzi kilipotiwa kiambishi cha hali timilifu kikawa 'fonned', na baada ya matamshi kufupishwa kikawa kivumishi 'fond'. Maana yake ilikuwa aliyepumbaa.

Fond katika jukwaa la Shakespeare

Kufikia mwisho wa karne ya 16 kivumishi hiki kilikuwa njia panda. Maana ya kale ilikuwa hai bado, na maana mpya ilikuwa imechipuka kutoka ubavuni mwake. Mantiki ya mchipuko huo si ngumu kuiona. Miongoni mwa aina zote za upumbavu, upo mmoja unaojulikana kwa kila jirani: ule wa mtu aliyezidiwa na mapenzi. Kwanza neno lilimtaja mpumbavu, kisha likamtaja mpumbavu wa mapenzi, na hatimaye likamtaja mwenye mapenzi tu, upumbavu ukiwa umeachwa nyuma kama ganda la nyoka. Kitenzi kingine cha Kiingereza, 'dote', kilipita njia hiyo hiyo, kutoka kupumbaa hadi kupenda kupita kiasi.

William Shakespeare ni shahidi mzuri kwa sababu alizitumia maana zote mbili bila kuzitenganisha. Katika A Midsummer Night's Dream, tamthilia iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1600, Oberon anaagiza kijana wa Athens afanywe kuwa 'fond' juu ya msichana anayemkataa. Hapo maana ni kupenda hadi kuchanganyikiwa. Baadaye Puck, akiwacheka wapenzi hao hao, analiita tamasha lao 'fond', naye anakusudia la kipumbavu. Mwandishi mmoja, tamthilia moja, neno moja, maana mbili. Huenda hilo si jambo la bahati, kwani tamthilia nzima inahusu namna mapenzi na wazimu vinavyolala kitanda kimoja. Katika Twelfth Night nako Viola analigeuza neno kuwa kitenzi, 'fond', anapokiri namna anavyompenda bwana wake. Hicho ndicho kitenzi kilichobeba mimba ya 'fondle'.

Suala hili linamgusa msomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari, na The Merchant of Venice, iliyotoka mwaka 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Katika matini asilia ya zote mbili neno 'fond' linatokea kwa maana ya kale. Metellus Cimber anapopiga magoti kumwombea ndugu yake aliyefukuzwa nchini, Kaizari anamwonya asiwe 'fond'. Na Shylock anamkemea askari jela kwa kuwa 'fond' kiasi cha kutoka nje pamoja na mfungwa wake. Mfasiri anayejua Kiingereza cha leo pekee angemfanya Kaizari amwonye mtu dhidi ya mapenzi, na angemfanya Shylock amshutumu askari kwa kumpenda Antonio. Katika tukio la kwanza siasa yote ya hotuba ingepotea, kwani Kaizari anasema kwamba yeye si mtu wa kuyeyushwa na unyenyekevu wa mpumbavu. Katika la pili kungezuka uhusiano ambao mwandishi hakuuwaza.

Mfano mgumu zaidi umo katika King Lear. Mzee huyo anapozinduka mbele ya binti yake Cordelia, anajieleza kwa maneno mawili yanayofuatana, 'foolish' na 'fond'. Msomaji wa leo huona humo mzee mpumbavu lakini mwenye mapenzi, naye huguswa. Msikilizaji wa mwaka 1606 alisikia upumbavu ukitajwa mara mbili, na pengine alisikia mapenzi kwa mbali kama mwangwi. Je, ni nani kati yao aliyesoma vyema? Makala haya yanashikilia kwamba lazima maana ya kwanza iwekwe msingi na ya pili iruhusiwe kuwa kivuli. Kuigeuza tungo hiyo iwe na mapenzi matupu ni kumpunguzia Lear hukumu aliyojitolea mwenyewe.

Kuzaliwa kwa kitenzi

Kabla ya kitenzi 'fondle' kuenea palikuwapo nomino 'fondling'. Mofimu yake ya mwisho, '-ling', huunda nomino za udogo au za hali, kama vile 'duckling', kifaranga cha bata, na 'darling', mpenzi. Hapo mwanzo 'fondling' alikuwa mtu mpumbavu. Katika karne ya 17 akawa mtoto au kipenzi anayeendekezwa. Isichanganywe na 'foundling', mtoto wa kuokotwa, kama yule aliyetajwa katika jina kamili la riwaya ya Henry Fielding ya mwaka 1749, Tom Jones. Maneno hayo yanafanana kwa sauti tu.

Nomino hii inatokea katika Venus and Adonis, utenzi wa Shakespeare wa mwaka 1593, mahali ambapo Venus amemzingira Adonis kwa mikono yake na kumwita kwa neno hilo. Wito huo una kejeli na mahaba kwa pamoja: mjinga wangu, kipenzi changu. Lakini jambo lisilopasa kupuuzwa ni kwamba Adonis hataki. Anataka kwenda kuwinda. Venus anaeleza hisia zake mwenyewe, na neno analolitumia halimwachii kijana nafasi ya kusema lake. Tutarejea kwenye jambo hilo.

Katika miaka ya 1690 kitenzi 'fondle' kilikuwa kimeingia katika maandishi. Umbo lake lina mofimu ya mwisho '-le', ambayo katika Kiingereza huashiria tendo dogo linalorudiwarudiwa, kama katika 'sparkle', kumetameta, na 'crumple', kukunjakunja. Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili atatambua mara moja kwamba kazi hiyo Kiswahili huifanya kwa uradidi: gusagusa, shikashika, chezacheza. Hata hivyo tendo lililorudiwa katika 'fondle' ya awali halikuwa la vidole. Maana ya kwanza ilikuwa kumtendea mtu kwa upole uliozidi, kumwendekeza, kwa neno moja, kumdekeza. Samuel Johnson, katika kamusi yake mashuhuri ya mwaka 1755, alikieleza kitenzi hiki kwanza kama kudekeza mno, na baada ya hapo ndipo akakilinganisha na 'caress'. Na 'caress' yenyewe, iliyopitia Kifaransa na Kiitaliano kutoka neno la Kilatini 'carus', mpendwa, ilikuwa katika karne hiyo na maana pana ya kumfanyia mtu wema na ukarimu. Mfalme aliweza kumfanyia balozi tendo hilo bila kumgusa hata kidole.

Hukumu ya kimaadili ilikuwa bado inanong'ona ndani ya neno. Aliyedekeza alidhaniwa kuwa amepungukiwa na busara ya malezi. Mswahili naye alikwisha kuonya: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Kutoka moyoni hadi mkononi

Katika karne za 18 na 19 maana ya kudekeza ilififia na maana ya kupapasa kwa upole ikatawala. Sababu mbili zinaelekea kueleza mabadiliko hayo. Ya kwanza ni ushindani. Kiingereza kilikuwa na vitenzi vingine vya kudekeza, kama 'pamper', 'indulge' na 'spoil', na vitenzi vyenye maana moja aghalabu hugawana mipaka. Ya pili ni umbo lenyewe. Neno lenye '-le' limekaa karibu na 'handle', kushika, na 'dandle', kumrusharusha mtoto mapajani. Ujirani wa sauti ulilivuta neno kuelekea mkono.

Kwa hiyo katika nathari ya Kiingereza ya karne ya 19 kitenzi hiki kilimfaa bibi anayempapasa mjukuu nywele, bwana anayechezea masikio ya mbwa wake, na mchumba aliyeushika mkono wa mwenzake. Kilikuwa kitenzi cha sebuleni. Mhakiki wa leo akikikuta hapo asiharakishe kumshuku babu au mjomba. Akimshuku kwa ushahidi wa neno hilo peke yake, atakuwa amemhukumu mhusika kwa sheria iliyotungwa baada ya kitabu kuandikwa. Kama kuna uovu katika riwaya, utathibitishwa na matukio, mpangilio wa mandhari na kauli za wahusika wengine.

Kutoka mkononi hadi mahakamani

Karne ya 20 ilileta mgeuko wa mwisho. Neno lilihamia katika lugha ya polisi na mahakama, hasa Marekani. Mfumo wa taifa wa kuripoti matukio ya uhalifu ulioanzishwa na shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, katika miaka ya 1980, ulilifanya kuwa jina la aina ya kosa: kugusa sehemu za siri za mtu mwingine kwa ajili ya kujiridhisha kimapenzi bila ya idhini yake. Awali jina hilo lilitanguliwa na neno la kuonyesha matumizi ya nguvu; baadaye neno hilo liliondolewa. Leo Mwingereza anaweza bado kusema kwamba amempapasa paka wake kwa kitenzi hiki, lakini akikitumia kwa mtoto wa jirani watu watageuka kumtazama.

Ni ajabu ya lugha kwamba neno moja liweze kuwa tusi, kisha sifa, kisha kosa la jinai. Lakini ukitazama kwa makini, ajabu hiyo inapungua. Katika hatua zote neno lilikuwa likieleza hali ya mtendaji. 'Fon' ni upumbavu wake. 'Fond' ni mapenzi yake. 'Fondle' ni mkono wake. Hapana hatua hata moja ambapo neno linatuarifu kuhusu yule aliyedekezwa au kupapaswa: kama amefurahi, kama amevumilia, au kama ametaka kutoroka kama Adonis. Mguso ulisimuliwa na mgusaji. Ndiyo maana sheria ilipolichukua neno hili ililazimika kuliongezea kile ambacho historia yake haikuwa nacho, yaani idhini ya mwenye mwili.

Kiswahili na upande wa pili wa mguso

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na 'fondle' hana neno moja la kumtosha, na hilo si udhaifu wa Kiswahili. Anayo maneno mengi, kila moja likiwa na mahali pake. Pakata ni kumweka mtoto mapajani. Kumbatia ni kuzungusha mikono. Bembeleza, lililo na undugu na bembea, ni kutuliza kwa mwendo na sauti hata anayelia akanyamaza. Papasa ni kutafuta kwa mkono, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kwa hiyo likitumiwa kwa mwili wa mtu hubeba harufu ya udadisi. Tomasa ni kubonyeza kwa vidole, kama mnunuzi anavyolijaribu embe sokoni, na mtu anayetomaswa huwa amekaribia kugeuzwa embe.

Lililo muhimu kuliko yote ni dekeza, kwa sababu ndilo lililo karibu zaidi na maana ya kwanza ya kitenzi cha Kiingereza. Dekeza ni umbo la kusababisha lililonyambuliwa kutoka deka. Na anayedeka ni nani? Ni mtoto, au mpenzi, yule anayepokea. Kiswahili kinaanza na hali ya mpokeaji, kisha kwa unyambuaji kinamleta mtoaji kama msababishaji wa hali hiyo. Kiingereza kilianza na hali ya mtoaji na hakikufika kwa mpokeaji. Tena Kiswahili kina kiambishi cha kutendana: kumbatiana, shikana, bembelezana. Kwa silabi moja mzungumzaji analazimika kuamua kama tendo ni la mmoja au la wawili. Mfasiri anayeandika 'walikumbatiana' mahali pa 'alimkumbatia' amekwisha kutoa idhini kwa niaba ya mhusika ambaye huenda hakuitoa.

Isidhaniwe kuwa wazo la mapenzi kama wazimu ni la Waingereza pekee. Kupitia Kiarabu, Kiswahili kilipokea neno majinuni, mwendawazimu, na ulimwengu wa fasihi ya Kiislamu unamfahamu Majnun, mpenzi wa Layla, ambaye jina lake la kupangwa lina maana hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba huko wazimu ulibaki kuwa jina la mtu na haukuwa kitenzi cha mkono.

Katika Kenya jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haikuliita kosa la aina hii kwa kitenzi cha mapenzi. Ilizungumzia kitendo kisicho cha adabu, ikakifafanua kwa kutaja sehemu za mwili zilizoguswa na kuwapo kwa kusudi. Mkalimani mahakamani anayeyageuza maneno ya shahidi anapaswa kuwa na uangalifu kama huo. Mtoto akisema alishikwashikwa, na mkalimani akachagua neno la Kiingereza lenye harufu ya sebule ya karne ya 19, ushahidi utakuwa umepoa kabla ya kumfikia hakimu. Kinyume chake, mzazi aliyempakata mwanawe akifasiriwa kwa neno la mahakamani atakuwa ametiwa hatiani na kamusi.

Hitimisho

Huenda msomaji akapinga kwamba asili ya neno si maana yake, na kwamba anayesema 'fondle' leo hakusudii upumbavu wala chumvi. Pingamizi hilo ni la haki, na makala haya hayadai vinginevyo. Vivumishi vya Kiingereza 'nice' na 'silly' vimebadilishana njia: cha kwanza kilitoka kwenye ujinga kikafika kwenye uzuri, cha pili kilitoka kwenye baraka kikafika kwenye upuuzi, na hapana anayewalaumu wazungumzaji wa leo. Linalodaiwa ni dogo zaidi, nalo ni la lazima: kila neno katika matini lina tarehe yake, na mhakiki asiyeiuliza tarehe hiyo husoma kitabu kingine na si kile kilichoandikwa.

Kamusi za lugha mbili, tangu ile ya Madan ya mwaka 1894, zimekuwa msaada mkubwa, lakini kwa desturi huweka neno mkabala wa neno bila miaka. Kazi ya kuongeza miaka ni ya mhakiki na mfasiri. Wakiifanya, Kaizari atabaki mwenye dharau, Lear atabaki na hukumu yake, na babu wa riwaya ya zamani hatashtakiwa bure. Kisha watalazimika kuuliza swali ambalo kitenzi hiki hakijawahi kulijibu katika karne zake zote: huyu aliyeguswa, yeye alisema nini?